Ruta ya Sista Felista

Nyinyi mnaoanza kazi ya mitandao leo mmeikuta ina heshima zake. Mnavaa vitambulisho shingoni, mnabeba laptop mgongoni, na mtu akiwauliza mnafanya kazi gani mkimjibu anaelewa. Mimi nilipoanza hapa Morogoro, mama mkwe wangu aliwaambia majirani kwamba mke wa mwanawe anafunga umeme. Kila taa zilipozimika kwa mtu pale Kihonda, nilibishiwa hodi. Nikieleza kwamba mimi nafunga nyaya za kompyuta, walinitazama kwa upole kama mtu anayekwepa kazi, basi nikawa nachukua bisibisi naenda. Fyuzi nyingi za mtaa ule nimezibadili mimi.

Sasa nimestaafu. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha, maana kazi hii mnaiona ya kukaa kwenye kiti, lakini nusu yake ni kupanda ngazi na kutambaa darini kwenye vumbi na mikojo ya popo. Kichwa bado kipo. Ndiyo maana vijana mnakuja barazani kwangu na maswali, na swali mnalolirudia sana ni la VLAN. Mnaijua kwa ajili ya mtihani. Amri zake mnazitiririsha bila kukwama. Lakini nikiwauliza inamsaidia nani, mnanyamaza. Leo nitawajibia.

Swichi ni kile kisanduku chenye matundu mengi ambamo nyaya zote za jengo huja kuchomekwa ili kompyuta zisikilizane. Ukiichomeka ikiwa mpya, bila kuigusa, kila tundu linasikia wito wa kila tundu. Ni nyumba isiyo na kuta za ndani. VLAN ni kuta. Unaiambia swichi: matundu haya ya maabara, haya ya kamera, haya ya wageni, na asiwepo wa kumwingilia mwenzake mpaka nitoe ruhusa. Hununui swichi nyingine. Unaigawa ile ile.

Aliyenifundisha kuigawa alikuwa Mzee Kondo, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, na hakuwahi kunipokonya kibodi mkononi hata pale nilipokuwa namchelewesha. Alikaa pembeni akisema, "Fikiri kwanza itakuwaje ukikosea. Ukishajua, bonyeza." Siku moja yeye mwenyewe hakufikiri. Tulikuwa ofisini hapa mjini, yeye ameingia kwa mbali kwenye swichi ya tawi la kampuni moja ya nafaka kule Dumila, anataka kupitisha VLAN mpya kwenye ule waya mkuu unaounganisha tawi na huku. Kuna neno dogo la kuongeza ambalo lazima uliandike. Usipoliandika, swichi inaelewa kwamba unataka VLAN hiyo moja tu ipite, zote zilizokuwapo zifungwe. Mzee Kondo hakuliandika. Zikafungwa zote, pamoja na ile aliyoingilia yeye. Skrini ikaganda. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Zuhura, vaa viatu vya safari. Nimejifungia nje."

Tukaenda Dumila. Wafanyakazi wa tawi walikuwa wamesimama nje ya mlango hawana la kufanya, na Mzee Kondo akawaomba radhi mmoja mmoja kwa kupeana mikono. Tulipoirekebisha swichi tukarudi na vitunguu tulivyonunua njiani, vya kutosha mtaa mzima. Tangu siku hiyo alinifundisha kwamba kabla hujagusa waya mkuu kwa mbali, iamuru swichi ijizime na kujiwasha yenyewe baada ya muda mfupi, na usihifadhi mabadiliko mpaka uone yanafanya kazi. Ukijifungia nje, itarudi yenyewe kwenye hali ya zamani, nawe hutahitaji kwenda kununua vitunguu.

Sasa niwape habari yenyewe.

Kuna hospitali ya binafsi, sitaitaja, upande wa mji unaopakana na mlima. Si kubwa. Watu wa vijiji vya Uluguru huipenda kwa kuwa wakishuka na mgonjwa ndiyo wanayoifikia mapema. Nilikuwa karibu kustaafu, nafanya kazi zangu mwenyewe, pale msimamizi wake, Bwana Jamal, aliponipigia simu.

"Mama Salha," aliniambia, "nina mfanyakazi mmoja. Sisi tunasema kosa ni lake, yeye anasema ni la mashine. Njoo unitazamie."

Mfanyakazi huyo aliitwa Hamisi, fundi wa maabara. Hospitali ilikuwa imeacha kubebesha watu makaratasi. Kipimo kikiwa tayari, Hamisi alibonyeza, na majibu yakaenda wodini kwa kompyuta. Siku nyingi yalifika. Siku nyingine hayakufika, na wodini wakadhani bado anapima, na yeye maabara akadhani wameshayasoma. Lawama zikaanza kidogo kidogo. Kisha akaletwa mtoto kutoka Matombo, mwanawe mama mmoja kijana aliyeitwa Mwajuma. Malaria ilikuwa imemla damu hadi viganja vimekuwa vyeupe. Daktari alitaka kipimo cha damu ndipo aamue. Akasubiri. Alipochoka kusubiri na kushuka mwenyewe maabara, Hamisi alimwambia majibu ameshayatuma zamani. Walipopanda wodini, mtoto alikuwa hajitambui tena.

Aliongezewa damu, na alhamdulillahi akazinduka. Lakini Hamisi aliambiwa akae nyumbani mpaka atakapoitwa, na kila mtu alijua wito huo ungekuwa wa kumfukuza.

Kabla sijaigusa kompyuta yoyote nilimpigia simu. Hilo lishikeni: mashine inajua ilivyo sasa hivi, mtu ndiye anayejua ilivyokuwa jana. Aliniamkia, nikamwitikia, nikamwomba anisimulie siku ile bila kujitetea, tangu alipofungua mlango wa maabara.

"Asubuhi ilikuwa kawaida, mama," alisema. "Umeme ukakatika, jenereta likachukua, kompyuta nikaiwasha upya. Nikaendelea na kazi."

"Na zile siku nyingine ambazo majibu hayakufika, umeme ulikatika?"

"Sasa unavyouliza, naona kama ndiyo. Sikuwahi kuziunganisha."

Hapo nikajua pa kuanzia. Kompyuta ikiwaka, jambo la kwanza inalofanya ni kuuliza kwenye mtandao: nani ananipa anwani? Kuna mashine moja tu inayopaswa kujibu. Ikijibu nyingine ya mtaani, kompyuta inapokea anwani ya uongo bila wasiwasi, na kuanzia hapo inapeleka mambo yake mahali pasipokuwepo mtu. Nilikaa kwenye kiti cha Hamisi, nikaizima kompyuta, nikaiwasha, nikatazama anwani. Ilikuwa sahihi. Nikarudia. Sahihi. Nikarudia tena, na safari hii ikaja anwani ngeni kabisa, ya aina inayotolewa na ruta ndogo, vile visanduku vya kusambazia intaneti majumbani. Basi ndani ya jengo kulikuwa na mgeni anayejibu maswali yasiyomhusu, na aliyewahi kujibu ndiye aliyesikilizwa.

Kumpata mgeni wa namna hiyo si uganga. Kila kifaa kimezaliwa na namba yake kutoka kiwandani. Niliisoma namba ya yule aliyejibu, nikaingia kwenye swichi, nikaiuliza namba hii umeisikia tundu lipi. Ikanionyesha tundu. Nikaenda kwenye kabati la nyaya kufuata waya wa tundu hilo, na hapo ndipo nilipowalaani kimoyomoyo waliofunga nyaya zile, kwa sababu hakuna hata mmoja uliokuwa na lebo. Wekeni lebo, wanangu. Siwaambii tena.

Waya uliishia wodi ya watoto.

Muuguzi mkuu wa wodi ile alikuwa Sista Felista, mama wa rika langu, mwenye sauti nzito na mikono mikubwa ambayo watoto walibembelezwa nayo wakalala. Nilimwambia natafuta kifaa kimoja cha mtandao. Hakuuliza kipi. Alinichukua hadi kwenye kabati la mashuka, akalisogeza kwa bega, na nyuma yake kwenye ukuta kulikuwa na ruta ndogo nyeupe yenye antena mbili, inawaka taa za kijani.

"Hii ni yangu," alisema. "Kijana wangu alinunua mpya kwake, nikamwomba hii ya zamani. Nilichomeka tu hapo ukutani ikakubali."

"Ya nini, Sista?"

Alinionyesha wodi kwa kidevu. Mama mmoja alikuwa ameketi kitandani na simu ameielekeza usoni kwa mtoto mwenye sindano ya maji mkononi. Kwenye simu sauti ya mwanamume ilikuwa inamwimbia mtoto yule, inakatika na kurudi.

"Wanakaa hapa wiki baada ya wiki," Sista Felista alisema. "Akina baba wamebaki kule juu milimani, hawawezi kuacha shamba na watoto wengine, barabara yenyewe mvua ikinyesha haipitiki. Bando zao zinaisha siku ya kwanza. Kulikuwa na mama mmoja, mtoto wake alifariki baba yake akiwa hajamwona tangu waondoke nyumbani. Nikasema hapana. Angalau waonane."

Nilikuwa na maneno yangu niliyoyaandaa, makali, ya kumpa aliyechomeka kitu kile. Sikuyapata. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu nikamweleza polepole: umeme ukikatika, kompyuta ya maabara ikiwaka, ruta yake ikiwahi kujibu, majibu yanapotea. Alinisikiliza huku anakunja shuka. Nilipofika katikati, mikono yake ilisimama.

"Kwa hiyo mtoto wa Mwajuma," alisema.

"Ndiyo."

"Na Hamisi alituma."

"Alituma, Sista. Yalikwenda kwenye ruta hii yakapotelea humo."

Mwajuma mwenyewe alikuwa kitanda cha mwisho, anamlisha uji mwanawe, hajui kwamba tunamzungumzia. Sista Felista alimtazama sana, kisha akainama, akaichomoa ile ruta ukutani kwa mkono wake. Wodini sauti ya yule baba ikakatika kwenye wimbo.

"Utamwambia Bwana Jamal?" aliniuliza.

"Sina budi kumwambia ilipokuwa. Bila hilo Hamisi harudi kazini."

"Basi usiende peke yako. Nitasema mwenyewe."

Niliwahi kuona watu wengi wakijitetea mbele ya wakubwa. Sista Felista hakufanya hivyo. Aliiweka ruta juu ya meza ya Bwana Jamal, akaeleza alichokifanya, akasema Hamisi hana hatia, akasimama akisubiri. Bwana Jamal si mtu mbaya. Alikuwa amechoka na ameogopa, kwa sababu mtoto alikaribia kufa kwenye hospitali yake, na mtu aliyeogopa hutafuta wa kumwajibisha. Aliiona ruta, akamwona muuguzi aliyekuwa naye tangu hospitali ifunguliwe.

"Sista, nifanye nini na wewe?" alisema mwishowe.

Niliomba kusema. Nilimwambia angeweza kumfukuza Sista Felista leo, na kesho dereva akachomeka ruta kwenye chumba cha madereva, na keshokutwa daktari akachomeka yake, na majibu ya maabara yakapotea vile vile. Aliyefunga mtandao ule aliacha kila tundu la ukutani, hata la wodini, lifike moja kwa moja kwenye kompyuta ya maabara. Hilo ndilo lililotakiwa kurekebishwa. "Nipe nafasi niugawe," nilisema. "Na nikiugawa, nitawatengea akina mama wa wodi ya watoto njia yao, isiyogusana na ya kwenu."

"Yaani baada ya haya yote niwape na intaneti?"

"Wasipoipata kwa njia halali, kuna mtu mwingine atawaonea huruma."

Bwana Jamal alijifuta uso kwa leso. Alimwonya Sista Felista, onyo rasmi, na yeye akalipokea. Kisha akaniambia nianze.

Jioni ile Sista Felista alinishika mkono pale getini. Alitaka nimpeleke kwa Hamisi. Nilimwambia Bwana Jamal amekwisha kumpigia simu kumwita kazini, kwa hiyo hakulazimika. "Hilo ni la kazi," alinijibu. "Langu bado."

Hamisi aliishi Mji Mpya, chumba na sebule, na alitufungulia mlango mwenyewe akiwa amembeba binti yake mdogo begani. Alituamkia, akatukaribisha, mkewe akatuletea chai ya tangawizi. Sista Felista hakuigusa chai. Alisema yote tena kama alivyoyasema ofisini, akaongeza kwamba siku ile ya mtoto wa Mwajuma ni yeye aliyekuwa wa kwanza kumwambia daktari kwamba maabara wamezembea.

Hamisi alimshusha mtoto, akamwambia aende kwa mama yake. Nilidhani atafoka, na angefoka ningemwelewa.

"Sista," alisema, "mimi nilikuwa nimeshaanza kujishuku. Nilikuwa nakaa hapa najiuliza, hivi kweli nilibonyeza? Au nilidhani nimebonyeza? Nimesomea kazi hii, nimeifanya miaka, nikafika mahali siwaamini hata vidole vyangu. Mke wangu alianza kunificha simu nisisikie watu wanavyosema."

Sista Felista akalia, kimya kimya, bila kujifuta.

"Nimekasirika," Hamisi alisema. "Sitakudanganya. Labda itapita." Halafu akauliza, "Mtoto anaendeleaje?"

"Anakula uji. Jana alimpiga teke muuguzi."

Hamisi aligeuza uso dirishani, na nikaona mashavu yake yamelegea kidogo. Hakuna aliyesema samahani imekubaliwa. Tulikunywa chai, tukaaga.

Kazi yenyewe niliifanya Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wakati wagonjwa wa nje wamepungua. Nilitenga VLAN ya maabara na wodi, hizo mbili zisikilizane. Ofisi na madirisha ya malipo zikapata yao. Kamera nazo yao. Ya mwisho nikawatengea akina mama, nikawafungia kifaa cha Wi-Fi wodini, nikaifungulia mlango wa nje wa intaneti peke yake, ndani haioni kitu. Nikaiamuru swichi ikatae jibu la anwani kutoka tundu lolote isipokuwa lile la mashine halali. Matundu yasiyo na mtu nikayafunga. Nilipofika kwenye waya mkuu unaopanda ghorofani niliandika lile neno la kuongeza, nikalisoma, nikalisoma tena kwa sauti. Nilikuwa peke yangu chumbani lakini niliona kama kuna mtu mfupi amekaa pembeni.

Ukimaliza, jaribu kukiharibu ulichokijenga. Nilimwomba Sista Felista ruta yake, nikaichomeka wodini pale pale nyuma ya kabati, nikaenda maabara nikaizima kompyuta na kuiwasha hadi nikachoka. Kila mara ilipata anwani sahihi. Ruta iliwaka taa zake zote za kijani, ikajibu maswali, na hakuna aliyeisikia. Nikamrudishia. Alisema atampa mjukuu achezee.

Ile njia ya akina mama mpaka leo ipo, na mambo yake yamekuwa mengi. Kuna baba mmoja wa Matombo hupanda kilimani kila alasiri kutafuta mtandao ili amwone mwanawe, na mbuzi wake wanasikika wodini kote. Bwana Jamal amenipigia mara moja kulalamika kuhusu mbuzi. Nilimwambia VLAN haiwezi kuzuia mbuzi.

Lakini ninachotaka mkione ni asubuhi ya Jumatatu, Hamisi aliporudi. Nilikuwa maabara nasubiri kuona kama kila kitu kimeshika. Aliingia, akanyoosha koti lake jeupe, akaketi, hakuwasha chochote kwa muda. Kisha akapokea sampuli ya kwanza, ya mtoto wa wodi ya Sista Felista, akaipima. Majibu yakatokea kwenye skrini yake. Kidole chake kilifika juu ya kitufe kikasimama hapo. Akabonyeza.

Hapo hapo akainua simu ya mezani akapiga wodini. Nilisikia ile sauti nzito ikipokea.

"Sista, ni Hamisi. Nimetuma."

"Imefika," Sista Felista alisema.

"Nisomee."

Alimsomea jina la mtoto. Akamsomea umri, kitanda, kipimo, kiwango cha damu, taratibu, moja baada ya jingine, na Hamisi alikuwa amefumba macho, kila neno anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani kwake.

"Ndivyo nilivyoandika," Hamisi alisema. Akaweka simu, akavuta sampuli inayofuata, na hiyo akaituma bila kumpigia mtu.